Samaki Anayesikia kwa Ubavu

Rafiki yangu ninayekwenda naye kuvua hanunui chambo. Hukata kipande cha shaba nyembamba, akakifua kwa nyundo juu ya kipande cha reli nyuma ya nyumba yake, hapa komini ya Lubumbashi, mpaka kibonyee kama kijiko cha mtoto mchanga. Kisha hukitoboa matundu mawili, moja la waya, moja la ndoana, na kukisugua kwa majivu na limau mpaka king'ae. "Mji wa shaba, chambo cha shaba," husema. Kimoja cha vijiko hivyo kiko mezani ninapoandika. Upande wa mgongo kina vishimo saba, upande wa tumbo vinne, kana kwamba mtu amekigonga kwa ncha ya msumari akiwa na hasira. Hakuna aliyekigonga. Ni alama za meno.

Sisi wawili ni wavuvi wa raha, na kwa hilo majirani wametucheka vya kutosha. Mji wetu hauna pwani. Samaki wetu wa kila siku ni Thomson, aliyesafiri ndani ya barafu kutoka Atlantiki, au vidagaa vikavu vinavyopimwa kwa kikombe sokoni, na vyote hushuka vizuri na bukari, ugali wetu. "Munaenda kufanya nini kule, na samaki iko sokoni?" aliniuliza mama mmoja jirani yangu aliponiona nafunga fimbo juu ya gari. Sikuwa na jibu. Nilicheka tu, nikawasha gari.

Hata hivyo tusiseme kwamba maji hatuna. Mji huu ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la malkia wa Ubelgiji ulipobadilishwa jina mwaka 1966 ulichukua jina la mto wake, kijito ambacho wengi wetu tunakivuka kila asubuhi bila kukiangalia. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, na Kafubu unaingia Luapula. Luapula unajimwaga Ziwa Mweru, na maji yakitoka huko, pale Pweto, yanaitwa Luvua. Yakifika Ankoro yanakutana na Lualaba, yanapita Kongolo, Kindu na Kisangani, yanakuwa mto Kongo wenyewe, na mwisho yanaingia Atlantiki huko Banana. Kwa hiyo pwani tunayo, ila iko mbali kidogo.

Ng'ambo ya bahari hiyohiyo, katika majimbo ya mashariki ya Marekani, kuna watu wenye wazimu kama wetu. Wanaamka usiku wa manane, wanaendesha magari mpaka ufukweni, wanasimama ndani ya mawimbi wakitupa mishipi gizani. Wanamtafuta samaki mwenye mistari saba au nane myeusi ubavuni, ambaye wataalamu humwita Morone saxatilis. Huyo huishi baharini, na majira ya kuchipua yakifika hupanda mitoni kutaga. Nasi tuna wetu mwenye mistari. Mwaka 1861 Mfaransa Castelnau alimpa jina la kitaalamu, Hydrocynus vittatus, ambalo maana yake ni mbwa wa maji mwenye mistari. Wavuvi wa Luapula humwita manda, na wa Ziwa Tanganyika humwita kibebe. Ana ndugu mkubwa katika mto Kongo na Lualaba, mbenga, ambaye mmoja wake alivuliwa kwa mshipi Kinshasa mwaka 1988 akawa na uzito wa kilo 44. Manda si mkubwa kiasi hicho. Lakini anayemjua hatamdharau kwa kimo.

Tuliondoka usiku. Kutoka hapa mpaka Kasenga ni zaidi ya kilomita 200, na ukiondoka mapema unakutana nusu ya njia na watu ambao usingizi wao uliisha kabla ya wako: vijana wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makaa, kila baiskeli imezidiwa mpaka humwoni anayeisukuma. Taa za gari zinafagia vichuguu vikubwa kama nyumba. Baada ya Kasomeno hewa inabadilika, na kabla hujauona mto pua imeshakuambia kwamba maji yako karibu.

Pale Kasenga tulipanda mtumbwi wa kijana mmoja, mtulivu, mwenye pondo refu kuliko mtumbwi wenyewe. Ng'ambo ilikuwa Zambia, lakini ukungu ulikuwa umeuficha mpaka, na mto haukuonekana kuujua. Kijana alituweka penye mkutano wa maji ya kasi na maji tulivu. "Hapa anangojea," alisema. Nikatupa kijiko, nikaanza kukizungusha kirudi. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya tano, kimya. Mara ya tisa mkono wangu ulipigwa kama mtu aliyeshikwa kiwiko gizani, mshipi ukalia, na futi kumi mbele yetu maji yakapasuka, samaki akasimama juu ya hewa akitikisa kichwa.

"Hapana kuvuta, baba!" kijana alipiga kelele. "Acha akimbie kwanza!"

Nilivuta. Fimbo ikanyooka, mshipi ukalegea, na kijiko kikarudi peke yake. Kinywa cha manda ni mfupa mtupu, na ndoana haipati nyama ya kushika. Usipompa nafasi anaitema. Ndicho kijiko hiki kilichoko mezani.

Wa pili nilimsikiliza. Sina neno lingine la kueleza. Niliacha kuvuta, nikauweka mshipi juu ya kidole cha shahada, nikahisi kila pigo la mkia wake: moja, mbili, kupumzika, kugeuka. Nilipohisi amechoka nilizungusha, alipoanza tena niliachia. Dakika kumi baadaye alilala ubavuni kando ya mtumbwi, na sote watatu tukanyamaza.

Mwangalie kwa karibu, maana ni mara chache anajiacha aangaliwe. Mwili ni fedha, na juu yake mistari myeusi imepigwa safu kwa safu kufuata magamba, iliyonyooka kama ya daftari. Mkia umepasuliwa pande mbili, rangi yake ya machungwa inaelekea nyekundu, na ncha zake ni kali. Macho yana kigubiko cha mafuta mbele na nyuma, kinachopitisha mwanga. Na meno! Hayafichwi na midomo. Hata kinywa kikifungwa yanaonekana, ya juu yakiingia katikati ya ya chini, kama vidole vya mtu anayesali. Yakichakaa yanang'oka na mapya yanashika nafasi. Ndiyo maana tunaweka waya kabla ya ndoana, kwa sababu uzi wa nailoni kwake ni kama uzi wa kushonea.

Lakini kilichonishangaza kuliko meno ni kitu ambacho mtu anaweza kukaanga samaki maisha yake yote asikione. Kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani umepita mstari mwembamba, mmoja kila ubavu, ambao si rangi. Ni safu ya magamba arobaini na zaidi, kila gamba limetobolewa tundu dogo sana. Pitisha ukucha juu yake, utahisi kama mshono wa shati. Nyuma ya matundu hayo kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna chembe zenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, kila fungu limevalishwa kofia laini ya ute. Maji yakisogea nje, kofia inainama, vinyweleo vinapinda, na habari inakimbia kwenye ubongo. Samaki mdogo akipiga pezi karibu, manda anajua. Akipiga pezi vibaya, kwa ulegevu wa aliyejeruhiwa, manda anajua zaidi. Usiku, katika maji ya matope ambayo mimi na wewe tusingeona kiganja chetu, mwili wake mzima unasikiliza.

Tena hilo ndilo sikio lake moja tu. Lingine liko ndani ya fuvu, na habari yake ni ya ajabu kuliko hilo. Samaki ana kibofu cha hewa tumboni, kile ambacho wavuvi wa Ziwa Viktoria hukiita bondo na kukiuza kwa bei nzuri. Wengi tunajua kazi yake moja, ya kumsaidia kuelea. Mwaka 1820 mtaalamu Mjerumani, Ernst Heinrich Weber, alionyesha kwamba kwa baadhi ya samaki kibofu kile ni ngoma pia. Sauti ikipita majini inakitetemesha, na msururu wa vifupa vidogo, vilivyochongwa kutokana na pingili za kwanza za uti wa mgongo, unaubeba mtetemo huo kutoka kwenye kibofu hadi kwenye sikio. Manda anavyo vifupa hivyo. Kambale anavyo. Zaidi ya nusu ya aina za samaki wa maji baridi duniani wanavyo.

Sasa weka mkono kwenye sikio lako. Ndani yake mna vifupa vitatu vinavyobeba mtetemo kutoka kwenye ngozi ya ngoma kwenda ndani, na kule ndani mna chembe zenye vinyweleo vinavyopinda, za ukoo mmoja na zile za ubavu wa manda. Yeye amepewa ngoma tumboni, mimi nimepewa kichwani. Yeye vinyweleo vyake vimepangwa mwili mzima, mimi vyangu vimekunjwa ndani ya kitu kinachofanana na konokono. Fundi huyohuyo, kazi mbili. Mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba karne nyingi kabla mzungu hajafika, wakaimimina iwe misalaba. Na ukiona misalaba miwili iliyolingana kona na unene, hujiulizi kama ilitoka kalibu moja. Mbele ya samaki huyu nilijisikia hivyo. Wapo wanaosema ni wakati mrefu uliofanya kazi. Sina ugomvi nao, maana fundi mwenye subira bado ni fundi.

Habari nyingine ya manda ningeiita hadithi ya kilabuni, kama isingepigwa filamu. Mwaka 2011, kwenye bwawa la Schroda kaskazini mwa Afrika Kusini, watafiti waliokuwa wakifuatilia mienendo ya samaki hawa waliwaona wakirukia mbayuwayu wanaopita juu ya maji, na kuwadaka hewani. Si mara moja kwa bahati. Kuna siku walihesabu hata mara ishirini. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2014. Fikiri hesabu iliyomo. Ndege anakwenda kasi, na mwanga unaovuka kutoka hewani kuingia majini unapinda, kwa hiyo mahali ambapo samaki anamwona ndege sipo ndege alipo. Samaki anasahihisha kosa hilo, anapima mwendo, anaruka pale ambapo ndege atakuwa. Mwanafunzi wa fizikia angeomba karatasi na kalamu. Na mbayuwayu naye si mshamba: ni wale wanaozaa Ulaya, na mvua zetu zikianza huja kukaa juu ya nyaya za umeme za Lubumbashi, bila ramani wala pasipoti. Maajabu mawili yanakutana hatua moja juu ya maji, moja linameza lingine. Uumbaji haukufanywa ili utuchekeshe, na anayeutazama kwa heshima autazame wote.

Ayubu katika mateso yake aliwaambia wale rafiki zake wenye majibu mengi wakawaulize wanyama, na ndege, na samaki. Nilipokuwa kijana nilidhani ni kejeli ya mtu aliyechoshwa na wageni. Siku hizi nadhani alimaanisha. Samaki ana la kusema, na sharti la kulisikia ni kuacha kuvuta.

Kwa sababu yupo samaki aliyesema katika mto huuhuu, na hatukusikia. Wazee wa Luapula bado wanamtaja kwa sauti ya mtu anayetaja marehemu: mpumbu. Kila mvua za kwanza zilipofurisha mto, mpumbu waliacha Ziwa Mweru makundi kwa makundi, wakapanda Luapula kwenda kutaga kwenye mabwawa yaliyofurika, kama wale wa mistari wa Marekani wanavyopanda mito yao. Naye ni wa ukoo wa wenye ngoma tumboni; namna gani aliisikia mvua ikimwita, Muumba wake ndiye ajuaye. Kasenga iligeuka mji wa barafu na malori. Wafanyabiashara Wagiriki walinunua samaki kwa wavuvi, wakampeleka Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Nyavu ziliwangoja mpumbu njiani, wakati matumbo ya majike yamejaa mayai. Kufikia miaka ya 1950 msafara ule ulikuwa umevunjika. Wavuvi wakahamia kwa samaki aitwaye pale, na huyo naye akapungua. Leo mtumbwi unatoka usiku na taa kutafuta chisense, kisamaki kisichozidi kidole. Tulianza na anayejaza sinia, tumefika kwa anayejaza kijiko.

Wale wa ng'ambo ya bahari nao walikaribia shimo hilohilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 samaki wao wa mistari alikuwa amepungua vibaya. Mwaka 1985 jimbo la Maryland, ambalo ghuba yake ndiyo kitanda chake kikubwa cha kuzalia, lilikataza kumvua kabisa, na katazo likakaa hadi 1990. Wavuvi wa biashara walilia, wavuvi wa raha walinung'unika. Mwaka 1995 mamlaka zilitangaza kwamba amerudi. Miaka ya karibuni amelegalega tena, maana binadamu husahau haraka kuliko samaki anavyozaa. Lakini somo limebaki. Jike mmoja mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni, na dawa aliyoihitaji ilikuwa kuachwa. Nasi tunalo pumziko letu. Ng'ambo ya mto, Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, miezi ya mvua, miezi ya mayai. Mto unafungwa kwa karatasi, na kila mwaka kuna mkono unaoifungua usiku.

Wala mimi wa mjini nisijitoe. Maji yaliyokuwa chini ya mtumbwi wangu yalikuwa na sehemu iliyotoka nyumbani. Mfuko wa plastiki niuonao umenasa chini ya daraja, mafuta meusi yanayomwagwa na mafundi wa magari, uchafu wa mji uliojengwa juu ya madini, vyote vinajua njia: Kafubu, Luapula, Kasenga. Samaki mwenye matundu arobaini kila ubavu hawezi kuyaziba.

Tulipata manda wawili siku ile. Wa kwanza, yule niliyemsikiliza, nilimshika mkia na chini ya tumbo, nikamwelekeza dhidi ya mkondo ili maji yapite kwenye matamvua. Kijana wa pondo alinitazama kama mtu anayemwona mzee wake akitupa pesa.

"Mungu anakupa, weye unamurudishia?"

"Alikuwa anaelekea kutaga," nilimjibu.

Hakusema kitu. Tumbo la yule jike lilikuwa gumu na duara, na mayai yake ni mamia ya maelfu. Nilihisi mwili wake ukikaza polepole mikononi mwangu, kama injini inayoshika moto asubuhi ya baridi. Kisha pigo moja, na mikono yangu ikawa imeshika maji. Kijana alichomeka pondo kwenye matope, akaketi. Sijui kilichonituma, ila niliinama nikaweka sikio kwenye ule mti. Nilisikia mto: mngurumo wa chini, mchanga unaosuguana, na mahali fulani kitu kinachogonga polepole. Kumbe wakati wote tuliposema pale ni kimya, kulikuwa na soko zima.

Wa pili alikuwa dume, amemeza ndoana. Tulimchukua. Alikaushwa kwa moshi palepale Kasenga, na nusu yake nilimpelekea yule mama jirani, pamoja na jibu la swali lake. Nilimwonyesha ule mstari, uliokuwa bado unaonekana juu ya ngozi kavu. Nikamwambia hilo ndilo sikio lake, kwamba anaisikia dunia kwa ubavu, na kwamba tulikuwa tumekwenda, naona, kujifunza kusikia kidogo kama yeye.

Aliupitisha ukucha juu ya mshono, taratibu, kwenda na kurudi. Kisha akakiokota kijiko cha shaba kutoka mkononi mwangu, akakitikisa, akakitazama kinavyoyumba kama samaki mgonjwa.

"Na hii njo alisikia?"

"Hii."

"Sikio yote ile, na akauma tu." Alinirudishia kijiko, akacheka, lakini si sana. "Basi iko sawa na shiye."